Pijo Iliyolala Wiki Tatu

Magari meupe yaliyokuwa yakilala upande wa Nakwa mwaka ule yalikuwa matatu tu, na Sajini Kandida alikuwa ameyaandika yote kwenye kijitabu chake kabla chai ya Alhamisi haijapoa. La kwanza lilikuwa pikapu ya Herieli, na Herieli mwenyewe alikuwa mahabusu tangu Jumapili. La pili lilikuwa la bwana mifugo mmoja, ambalo wiki nzima lilikuwa Arusha likibadilishwa injini, na risiti ilikuwepo. La tatu lilikuwa Pijo ya Mwalimu Marseli. Hiyo kila mtu wa Babati angekuapia kwamba haijatembea tangu mkoa wa Manyara haujazaliwa. Kiapo hicho kilizidisha mambo kidogo, maana mkoa ulikuwa na miaka miwili na Pijo ilikuwa na wiki tatu tu za kulala, lakini gari lile lilikuwa kuukuu kiasi kwamba hata mkweli akilitaja alijikuta ameongeza chumvi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili alfajiri Leonia, muuza maziwa, aligongwa kwenye barabara ya Nakwa akiwa na dumu lake kichwani. Aliyemgonga hakusimama. Dakika ishirini baadaye Herieli akapita na pikapu yake, akamkuta mtaroni, akavua shati akamfunga mguu, akampakia na kumfikisha hospitali. Polisi walipofika hospitalini wakakuta pikapu nyeupe yenye damu, bampa iliyopinda, na dereva asiye na shati. Wakamshukuru kwa pingu. Leonia alipopata fahamu Jumatatu, mguu ukiwa kwenye plasta, alikumbuka jambo moja tu: gari lilikuwa jeupe.

Herieli alisema bampa ilipindwa na ng'ombe wa Maisaka mwaka uliopita, na hata ng'ombe angekuja kutoa ushahidi isingesaidia, kwa sababu mkuu wa upelelezi alikwisha kuamua. Jalada liende mahakamani Ijumaa saa tatu asubuhi. Mkoa ulikuwa mpya, alisema, na mkoa mpya hauanzi na majalada yenye vumbi. Kandida akaomba siku ya Alhamisi. Akapewa, kwa sura ya mtu anayempa mtoto jongoo achezee.

Alipokuwa akitoka, mke wa Herieli, Valeria, alikuwa kwenye baraza ya kituo na bakuli la makande lililofunikwa kitambaa, mahali palepale alipokuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

"Afande," alisema, "mume wangu akifungwa, leseni imekwenda, na sisi tumekwenda nayo. Hayo ni yetu. Lakini nikuulize wewe: nani tena katika mji huu atamwokota mtu barabarani?"

Kandida akachukua baiskeli, maana Landrova ya kituo ilikuwa inasubiri mafuta kama watu wanavyosubiri kiyama, kwa imani na bila tarehe.

Mwalimu Marseli alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba yake akimsomea mtu barua. Tangu astaafu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nusu ya wazee wa Nakwa na Bagara walimletea barua, naye aliwasomea kwa sauti ileile aliyowafundishia watoto wao, akiwemo Kandida, darasa la tano, mstari wa mbele. Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa Gidamanyega, mfugaji kutoka tambarare za Hanang, blanketi begani na fimbo magotini. Kandida akasimama nyuma yao, akangoja kwa adabu.

Kijana wa Gidamanyega, kwa mujibu wa barua, alikuwa mzima wa afya huko Dar es Salaam. Kazi ilikuwa nzuri. Mvua ilinyesha. Alimsalimu mama yake, shangazi zake wote wawili, na yule fahali mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, ambaye alimwota mara mbili akivuka Kariakoo bila kugongwa. Gidamanyega akacheka mpaka akakohoa.

Kandida naye, akichungulia juu ya bega la mwalimu, alikuwa akiiona karatasi. Ilipigwa chapa. Ilikuwa na muhuri wa zambarau na mistari mitano, nayo iliwataka wafugaji wote walete ng'ombe kwenye chanjo Jumanne ijayo.

Mzee alipoaga na kuondoka, Kandida alimwamkia mwalimu, akajitambulisha, akaeleza kilichomleta. Mwalimu Marseli hakukasirika. Alisema polisi asiyekagua ni sawa na mwalimu asiyesahihisha, akainuka, akaenda mbele yake kuelekea banda la mabati, mkono mmoja ukipita ukutani njia nzima.

Pijo ilikuwa humo. Ilikuwa na mibonyeo ya kila muongo tangu uhuru, mingine ndani ya mingine, hivyo kuiuliza bampa ile habari za Jumapili ilikuwa kazi bure. Isingejua ianzie wapi. Mwalimu akampa ufunguo.

"Jaribu mwenyewe."

Kandida akaketi, akazungusha. Ikasikika *tk*, moja, kama mtu aliyegonga meno. Akarudia. *Tk*. Taa ya dashibodi ikawaka na kufifia kama jicho la mgonjwa.

"Wiki tatu sasa," alisema mwalimu. "Waya za betri zimekufa. Fungua boneti uone."

Akafungua. Na kweli, vibanio vya waya mbili zinazoshika vichwa vya betri vilikuwa vimemea unga wa kijani na buluu, mnene, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa masika yote. Waya wenyewe ulikuwa umevimba ndani ya mpira na kupasuka. Stata haiwezi kupata moto kupitia uozo wa namna ile. Kandida akatoa kalamu afute gari la tatu, na Herieli akawa amebaki peke yake kwenye ukurasa.

Kisha akainama.

Baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, na alikuwa na falsafa moja tu maishani, nayo ilihusu betri. Kutu ya betri, alikuwa akisema, ni kama upele wa watu wa nyumba moja: haumshiki mke ukamwacha mume wanaolala kitanda kimoja. Kibanio kikioza, kichwa cha betri kilichomo ndani yake kimeoza. Na kilicho chini ya betri pia, kwa sababu ule unga hudondoka na kula bati.

Kandida akashika kibanio cha kwanza, akakisokota kwa vidole. Kilizunguka kirahisi. Ndani yake kichwa cha betri kiling'aa kama shilingi mpya, kikiwa na mikwaruzo ya msasa na utando mwembamba wa grisi. Akasokota cha pili. Hivyo hivyo. Akachungulia chini ya betri. Kisahani cha bati kilikuwa safi, kimeoshwa, na kwenye kona zake kulikuwa na mabaki meupe yaliyokauka. Akagusa, akapeleka kwenye ncha ya ulimi. Magadi. Kila fundi wa Babati huosha tindikali ya betri kwa maji ya moto na magadi, na hakuna mtu mwingine anayeoshea kitu hicho mahali hapo.

Kwa hiyo mke alikuwa na upele na mume alikuwa ametoka kuoga.

"Rama amekuja hapa lini mara ya mwisho?" aliuliza. Rama ndiye fundi aliyekuwa akiitunza Pijo hiyo, na hilo lilijulikana na wote.

"Rama? Hajakanyaga hapa tangu Pasaka. Ameahidi. Ahadi za mafundi unazijua."

"Nazijua, mwalimu," alisema Kandida, akafunga boneti taratibu.

Alimkuta Gidamanyega mbele kidogo, ameketi ukingoni mwa barabara akivuta ugoro. Akashuka kwenye baiskeli. Haikuwa kazi ya upelelezi, lakini ng'ombe wasiochanjwa hufa bila kujali kazi ni ya nani, kwa hiyo akamwambia kwa upole kilichokuwa kimeandikwa katika barua ile. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Jumanne," alisema. "Asante. Nitapeleka."

"Samahani kwa habari za kijana wako, mzee."

Gidamanyega akafunga kopo la ugoro.

"Mtoto yangu hajui kuandika," alisema. "Hata jina yake. Tangu mwaka jana barua zote inatoka kwake. Za kodi, za mnada, zote yeye. Mimi nasema, basi, ni barua nzuri."

Kandida akamtazama.

"Mwalimu macho imekwisha," aliendelea mzee, bila kelele, kama anayetaja umri wa ndama. "Ng'ombe ya namna hiyo tunaijua. Inaweka mguu kwanza, halafu ndiyo inaweka mwili. Usimwambie kama mimi najua. Ataacha kusoma."

Hapo kesi ikageuka mara mbili kwa pumzi moja. Asiyeona haendeshi gari, Kandida alijiambia, na kwa mara ya pili asubuhi hiyo akawa tayari kumfuta mwalimu. Baiskeli ilikuwa imekwisha kufika daraja la kwanza alipojisahihisha. Asiyeona haendeshi vizuri.

Duka la spea la Halidi lilikuwa karibu na stendi, na ndani yake mtu angeweza kupata kila sehemu ya gari isipokuwa nafasi ya kusimama. Kandida akamsalimu, Baba Najma, habari za hapa, naye Halidi akamjibu kwamba ni nzuri kama afande hakuja kumkamata, maana mke wake amepika pilau. Kisha akasikiliza swali na kuacha utani. Ndiyo, Rama alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Alichukua mita mbili za waya mnene, ule wa mashine ya kuchomelea, ambao mafundi huupenda kuliko wa kiwandani, na vibanio viwili vipya vya risasi. Alisema ni vya Pijo ya mwalimu. Saa nane alirudi kurudisha koleo aliloazima, kazi ikiwa imekwisha, akajisifu kwamba gari limewaka kwa mguso mmoja kama pikipiki ya Mjapani.

"Na waya za zamani alizipeleka wapi?"

Halidi akamwangalia kana kwamba ameuliza chumvi inawekwa wapi.

"Kamwachia mwenyewe. Afande, fundi asiyemrudishia mtu spea yake mbovu, nani atamwita tena? Watasema amesugua ileile akairudisha. Uchafu wako unarudishiwa mkononi, unaona kwa macho yako, mnaachana kwa amani."

"Wateja wanazifanyia nini?"

"Wanazitupa. Wengine wanafungia mbuzi."

Uchunguzi ulibakiwa na shimo moja, nalo lilikuwa Rama mwenyewe. Mafundi wana ugonjwa wa kujaribu magari ya watu, na jaribio la kilomita moja limewahi kufika Singida na kurudi. Kama Rama alibaki na ufunguo mpaka Jumapili alfajiri, basi aliyetafutwa alikuwa yeye. Halidi alisema haiwezekani, kwa kuwa Rama alipanda basi la Katesh Jumamosi hiyohiyo kwenda kwenye msiba wa mjomba wake, na mpaka sasa hajarudi. Kandida hakuwa mtu wa kula neno bila mboga. Akavuka barabara mpaka kwa karani wa tiketi, akafungua daftari la Jumamosi. Basi la saa tisa, kiti namba kumi na nne, Rama. Kondakta, aliyekuwa amelala kwenye benchi nyuma yao, akafumbua jicho moja na kuthibitisha kwamba abiria huyo alishukia Katesh akiwa na boksi la spana, na kwamba boksi lilikalia kiti cha mtu mwingine njia nzima.

Rama akafutwa. Ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja.

Saa kumi jioni alikuwa tena chini ya upenu wa mwalimu. Alikuja na karatasi za maelezo na kalamu mbili. Alieleza kwamba ni utaratibu tu. Amekagua gari, sasa anahitaji maneno ya mwenye gari, aandike, mwenyewe asome, atie sahihi. Mwalimu Marseli akakubali, akaeleza upya habari za wiki tatu, waya zilizokufa na ahadi za fundi, kwa mpangilio mzuri kama somo la historia. Kandida akaandika. Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu. Alipomaliza akamgeuzia karatasi.

"Yasome mwenyewe, mwalimu. Kama kuna kosa, sahihisha. Kama ni sawa, weka sahihi hapo chini."

Mwalimu akainua karatasi. Akaishika umbali unaofaa. Kichwa chake kikaenda kulia na kurudi, kulia na kurudi, mstari kwa mstari, na mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwandiko wako umetulia. Darasa la tano uliandika kama kuku anayetafuta mchwa."

Akatia sahihi. Ilianza kwenye mstari, ikapanda mlima, ikaishia katikati ya aya.

Kandida akaichukua karatasi, na hakuinua sauti.

"Naomba nikusomee ulichosaini. *Mimi Marseli naeleza kwamba gari langu ni jekundu, lina magurudumu saba, na Jumapili lilikuwa Mbulu likivuna vitunguu.*"

Kuku mmoja alipita barazani. Mwalimu Marseli, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kuacha kosa lipite bila kalamu nyekundu, alibaki na mikono juu ya magoti.

Kandida akachana karatasi vipande vinne na kuvitia mfukoni. "Hii haiendi popote. Sikuja kukucheka. Lakini Rama alikuja Jumamosi, akaosha betri kwa magadi, akaipiga msasa, akafunga waya mpya na kukuachia za zamani. Mtu amezirudisha. Alizirudisha kwa vidole, na vidole havikumwonyesha kwamba kila kitu kilichozizunguka ni safi."

"Nani mwingine anajua?"

"Habari za waya? Mimi."

"Za macho."

Kandida akakumbuka alichoombwa na yule mzee, akapima, akaamua. "Gidamanyega. Mtoto wake hajui kuandika, mwalimu. Anakuja kwa sababu anazipenda barua zako."

Hapo ndipo mwalimu alipoinamisha kichwa. Alipoanza kusema hakujitetea. Alisema mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili tangu mwaka jana, na kwamba hakumwambia mtu, hata binti yake Anjela aliyeko Arusha. Alimwita Rama kwa sababu alitaka kuiendesha mara moja ya mwisho kabla Anjela hajaja kuiuza. Jumapili alfajiri majirani walikuwa wamekwenda misa ya kwanza. Barabara ile aliijua kwa miaka arobaini, mashimo yake aliyahesabu kwa makalio. Aliona kijivu tu. Upande wa kushoto akagusa kitu laini. Akadhani ndama, kwa kuwa ndama hulala barabarani saa hizo, akageuza gari akarudi nyumbani. Mchana jirani akamletea habari za Leonia. Ndipo akachukua spana namba kumi na ule mfuko wa waya za zamani aliouacha Rama, akazifunga upya. Waya mpya zilikuwa chini ya kitanda.

"Nilisikia wamemkamata Herieli," alisema. "Nikajiambia, kesho watamwachia, hana kosa. Kesho yake nikajiambia kesho. Kandida, mimi nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo."

"Leonia atapona," alisema Kandida. "Mguu umevunjika, lakini atatembea."

Mwalimu akainuka, akaingia ndani akipapasa, akarudi na koti na zile waya mpya mkononi. Wakaenda kituoni kwa miguu, baiskeli ikisukumwa katikati yao, na njia nzima Kandida alisema maneno mawili tu, *shimo* na *jiwe*.

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo, ya kweli safari hii, akaziangalia waya, akamwangalia mzee, akavua kofia. Alisema mwalimu anaweza kudhaminiwa, arudi nyumbani, afike mahakamani asubuhi. Mwalimu Marseli akakataa. Alisema kuna mtu amelala mle ndani siku nne kwa ajili yake, na yeye hawezi kukitafuta kitanda chake jioni hiyo akakipata.

Askari wa zamu akafungua mlango wa mahabusu. Herieli akatoka na viatu mkononi, bado amevaa shati la kuazima. Valeria alikuwa nje barazani, amesimama, bakuli limemwagika miguuni pake. Katika ukumbi mwembamba Kandida akamweleza Herieli kwa sentensi tatu nani, vipi, na kwamba yuko huru. Herieli akamtazama mzee aliyeshika ukuta. Alikuwa kijana mwenye mabega makubwa, na askari wa zamu akasogea karibu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Herieli.

Mwalimu Marseli akageuza uso kuelekea sauti. Akafungua mdomo, na lile jibu ambalo mzee hulitoa hata usingizini likakataa kutoka.

"Hiyo siistahili leo," alisema hatimaye. "Ni wewe, Herieli?"

"Ni mimi."

Mzee akaanza kutembea kuelekea kwenye mlango uliokuwa wazi, akatanguliza mguu, kisha mwili. Hakujua chumba kikoje. Herieli, ambaye kwa siku nne alikijua kuliko nyumba yake, akaviweka viatu chini, akamshika kiwiko.

"Hapa kuna kizingiti," alisema. "Inua mguu. Zaidi kidogo. Ndani sakafu inashuka, na ukutani kulia kuna unyevu, usiegemee. Lala upande wa dirisha."

Akasubiri mpaka mkono wa mzee ulipolipata dirisha. Ndipo akatoka kwa mkewe.